Bili ya Mdogo Wake

Bili ya kodi ya ardhi haikumuuma sana Fundi mpaka alipoiona ya mdogo wake.

Yake ililetwa Jumatatu na mpangaji wa chumba cha tatu, imekunjwa mara nne na ina doa la mafuta. Aliifungua juu ya meza ya cherehani, akaisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kodi ilikuwa imepanda mara tatu. Alishtuka, akawatukana wanaostahili na wasiostahili, kisha akajituliza kwamba wakubwa wakipandisha vitu huwapandishia wote, na kifo cha wengi harusi. Akarudi kwenye sare za shule alizokuwa akizishona.

Jumapili akaenda kumjulia hali mama yake. Mama alikuwa akikaa katika nyumba ya mdogo wake Fundi, na siku hiyo mdogo mtu mwenyewe alikuwepo, yuko jikoni anachemsha chai. Mezani, chini ya kopo la sukari, kulikuwa na karatasi yenye muhuri uleule. Fundi si mtu wa kupekua vitu vya watu. Alilisogeza kopo tu ili sukari iwe karibu, ingawa chai yenyewe ilikuwa bado haijaja, na macho, kama wasemavyo, hayana pazia.

Bili ya mdogo wake haikufika hata robo ya yake.

"Dada, chai ya rangi au ya maziwa?" mdogo mtu aliuliza kutoka jikoni.

"Yoyote," Fundi alijibu, na sauti ilimtoka nyembamba kama uzi.

Tusimhukumu upesi. Kiwanja kile kilikuwa kimoja, cha marehemu baba yao. Mama alikigawa katikati mbele ya mpimaji, bikoni ya mpaka ikachimbiwa, kila binti akapewa nusu yake. Wakajenga mwaka mmoja, fundi mwashi mmoja, ramani moja, vyumba sita huku na vyumba sita kule. Nyumba za kitega uchumi, za kupangisha. Ukisimama barabarani usingejua ipi ya nani kama si rangi ya milango. Sasa mtu akikuambia kwamba nyumba mbili zilizozaliwa pacha, moja inatozwa mara nne ya mwenzake, na inayotozwa ni yako, wewe utacheka?

Isitoshe, haikuwa mara ya kwanza. Mdogo wake alikuwa mtu wa kupendelewa tangu utotoni. Yeye ndiye aliyesomeshwa uuguzi wakati Fundi ameshakaa kwenye cherehani akisaidia ada. Hospitali ilimpa nyumba ya kuishi, bure. Wapangaji wake walilipa kabla ya kudaiwa na wakimwona wanacheka, ilhali wa Fundi wakimwona wanakumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Na mama, kila alipomtazama yule mdogo, alikuwa na msemo wake: chanda chema huvikwa pete. Fundi alikuwa ameusikia miaka arobaini, na kila aliposikia aliangalia vidole vyake, vyenye matundu ya sindano.

Lakini wivu peke yake haujaza tumbo, na hapa palikuwa na jambo kubwa zaidi. Kwa kodi ile mpya, nyumba isingeweza kujilisha. Kufika mwisho wa mwaka angelazimika kuuza. Na mnunuzi alikuwa anamjua. Wakati fulani, kwa utani, mdogo wake alimwambia, "Ukiichoka hiyo nyumba dada, usimpe mtu wa nje, niuzie mimi." Fundi alicheka siku ile. Tangu hapo hakulala usiku hata mmoja bila kukumbuka. Kiwanja chote cha baba, nusu na nusu yake, mikononi mwa yule mtoto!

"Atakuwa kampa mtu kitu kidogo pale ofisini," alijiambia akirudi kwake. "Au kamdunga sindano bure mtoto wa mkubwa. Lazima kuna kitu."

Jumanne akafunga duka, akaenda ofisi ya uthamini na bili yake mkobani. Dirishani alikaa mthamini mwenyewe, mwanamume wa makamo mwenye mafua na leso shingoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo Fundi hakulitegemea, kisha akaenda kuleta faili.

"Kodi hii, mama, haitozwi kwa chuki," alisema akifungua. "Tunaangalia ukubwa wa kiwanja, thamani ya eneo, na matumizi. Thamani imepanda mtaa mzima kwa sababu ya barabara ya lami, hilo hamkwepi. Matumizi ndiyo yanayowatenganisha watu. Makazi, kiwango cha chini kabisa. Kupangisha, cha kati. Biashara, cha juu. Wewe umeandikwa biashara."

"Biashara gani? Biashara yangu ni cherehani, na iko mjini!"

"Chumba cha mbele. Hapa pameandikwa saluni."

"Saluni ilihama mwaka wa pili huu. Kimebaki kioo tu ukutani."

"Ulitujulisha ilipohama?"

"Nyinyi mlinijulisha mlipoiandika?"

Mthamini alicheka, kicheko kikageuka chafya. Alipomaliza kupenga kamasi alivuta fomu, akaisukuma chini ya kioo cha dirisha. Alimweleza polepole, kama mtu aliyeeleza hayo mara nyingi na bado anapenda kueleza. Pingamizi lipokewe kabla ya mwisho wa mwezi. Kila kiwanja kina pingamizi moja kwa mwaka, na sababu moja. Aandike kwamba saluni haipo, alete picha ya chumba kitupu na barua ya mjumbe wa mtaa, basi. Atashushwa kutoka biashara hadi kupangisha.

"Itapungua kiasi gani?"

"Karibu nusu."

Nusu! Na nusu ingeiokoa nyumba. Mtu mwenye akili timamu angeshika kalamu papo hapo. Fundi aliishika kweli, akaivua kifuniko, kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyemtuma kuliuliza.

"Hata nikishushwa, yule jirani yangu bado atakuwa chini yangu?"

"Jirani yupi?"

"Wa upande wa kushoto. Nyumba ni hiyohiyo, vyumba vilevile. Yeye analipa robo."

Mthamini alimtazama juu ya miwani. Faili la mtu mwingine hawezi kulifungua mbele yake, alisema. Ila ipo sababu nyingine ya pingamizi, inaitwa mlinganisho. Unataja kiwanja kinachofanana na chako, unadai mtozwe sawa, na ofisi inakwenda kukagua vyote viwili. Ikionekana mwenzako alipendelewa, naye atarekebishwa.

"Atapandishwa?"

"Atapandishwa. Lakini mimi ningekuwa wewe mama, ningeandika saluni. Saluni una hakika nayo. Ya mwenzako huijui. Ziba ufa wako kwanza."

Ushauri ulikuwa mzuri, na aliyeutoa hakudai hata ahsante. Fundi aliitazama ile fomu. Upande mmoja aliona nyumba yake imepona, huku ya mdogo wake inaendelea kucheka pembeni. Upande wa pili aliona watoto wa baba mmoja wamesimama mstari mmoja, sawa kwa sawa, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe yule wa pili. Akaandika neno MLINGANISHO kwa herufi kubwa, na chini yake namba ya kiwanja cha mdogo wake, ambayo aliikumbuka bila kuangalia popote.

Mthamini aligonga muhuri, akatikisa kichwa, akapiga chafya.

Ukaguzi ukafanyika siku ya kumi. Fundi alifika mapema, amevaa gauni lake la kwendea harusini. Mthamini alipima huku, akapima kule, akahesabu vyumba, akagonga kuta. Wapangaji walitoka milangoni na vikombe vyao kuangalia, kwa sababu sinema ya bure haikataliwi. Mdogo mtu alitokea kazini, bado na viatu vyeupe vya hospitali, akakuta mtu anavuta tepu uani kwake.

"Kulikoni?"

"Ukaguzi, dada," mthamini alimjibu. "Kuna pingamizi la mlinganisho kutoka kiwanja cha pili."

Kiwanja cha pili kilikuwa kimesimama palepale na gauni lake. Mdogo mtu akageuka.

"Dada, umenishtaki?"

"Sijakushtaki. Nimekufananisha."

"Si ungeniuliza tu?"

"Nikuulize ili iweje? Wewe ukiulizwa unacheka."

Na kweli mdogo mtu alikuwa karibu kucheka, kisha akaona uso wa dada yake, akaacha. Wapangaji wawili wakakumbuka kwamba wameacha kitu jikoni.

Mthamini alikuwa amefika chumba cha mbele. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa amekaa dirishani na redio yake, miguu juu ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kunithamini na mimi? Andika magoti yamechakaa, kwingine niko mzima."

"Unaishi hapa, mama?"

"Mwaka wa tatu huu."

"Unalipa pango?"

"Nimlipe nani? Nimemlipa tumboni miezi tisa."

Mthamini aliomba kitambulisho chake, akasoma tarehe ya kuzaliwa, akaandika. Alipotoka nje hakuwa na furaha ya mtu aliyegundua jambo. Alimwita Fundi pembeni, karibu na pipa la maji, akaomba ile bili yake, akaigeuza. Nyuma palikuwa na maandishi madogo kama sisimizi. Akaweka kidole kwenye mstari wa nne.

"Nyumba ambayo mzazi wa mwenye nyumba, aliyetimiza miaka sabini, anaishi ndani yake bila kulipa pango, inahesabiwa makazi," alisoma. "Hata vyumba vingine vikipangishwa. Mdogo wako hakupendelewa. Mama yenu ndiye anayemshushia. Jibu la maandishi litakuja, lakini sitakuficha, pingamizi lako limeanguka, na la mwaka huu ndilo hilohilo."

"Na saluni?"

"Saluni ndiyo niliyokuambia uiandike."

Fundi alisimama pale akilitazama dirisha la mama. Miaka mitatu nyuma, magoti yaliposhindwa na ngazi za kule alikokuwa akipanga, mama hakwenda kwa mdogo kwanza. Alikuja kwa Fundi, yeye ndiye mkubwa. "Nipe kile chumba cha mbele mwanangu, nione watu wakipita." Fundi akamjibu, "Subiri kidogo mama, saluni imelipa hadi mwisho wa mwaka." Mama akasema sawa. Wiki ileile mdogo mtu aliwahamisha wapangaji wawili, akampa mama vyumba viwili vya mbele, na dirisha. Saluni ilipohama, Fundi hakurudi kusema kitu. Aliona mama ameshachagua, basi akae na chaguo lake. Chumba kikafungwa kwa kufuli, na buibui wakakaa humo miaka miwili bila pango wala kodi. Kodi alikuwa anawalipia yeye.

Mthamini alikuwa bado hajaondoka. Huenda alimwonea huruma, au mafua yalikuwa yamemlegeza.

"Ipo njia moja," alisema. "Badiliko la matumizi si pingamizi, lina fomu yake. Mzazi akihamia kwako kabla ya mwisho wa mwezi, wewe unakuwa makazi. Ila mzazi ni mmoja, nyumba ni moja. Mwenzako atapanda kuwa kupangisha."

Mimi niape hapa kwamba Fundi aliwaza kwanza juu ya mama? Aliwaza juu ya lile neno la mwisho. Yake ishuke, ya mdogo wake ipande, na yote kwa fomu moja! Alijiona anatabasamu, akajiziba mdomo kwa kiganja.

Kwa siku nne hakushona sare ya mtu. Aling'oa kioo cha saluni, akasugua sakafu mpaka magoti yake mwenyewe yakalalamika, akapaka kuta chokaa. Akashona mapazia mazito ya bitana, na mfuko wa kuwekea redio unaoning'inia kitandani, kitu ambacho mdogo wake asingeweza hata kukiota. Kila alipokanyaga cherehani alipanga maneno. Angemwambia mama kwamba mtoto mkubwa ndiye mwenye haki ya kutunza. Angemwambia kwamba moyo ulikuwa unamuuma siku zote. Mengine kati ya hayo yalikuwa kweli, na hilo lilimshangaza.

Siku ya tano alimkuta mama peke yake, anachambua maharage kwenye sinia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Nilikuwa nakungoja."

"Mama, nimekuja na neno. Mimi ndiye mkubwa..."

"Chumba kimekauka rangi?"

Fundi aliangalia chokaa iliyoganda kwenye kucha zake.

"Nakuuliza kwa sababu chokaa mbichi inanikohoza. Kama kimekauka, nihamie kesho. Mdogo wako atapata watu wa kubeba kitanda."

"Mdogo wangu? Nani kamwambia?"

"Yule mtu wa mafua alimweleza naye, kwani ni siri? Siku ileile. Jioni akaja akapiga magoti hapo ulipokaa. Akasema, mama, kodi ile itamshinda dada, nakuomba uhamie kwake, asije akauza nyumba. Nikamwambia, kodi yako itapanda. Akasema yeye ana mshahara, dada ana sindano tu." Mama akatupa jiwe dogo dirishani. "Nikamwambia, basi ngoja aje mwenyewe kuniomba, tuone atachukua siku ngapi. Umechukua tano."

Fundi alitakiwa ashukuru. Badala yake kilichompanda kilikuwa wivu, mkali kuliko ule wa kopo la sukari. Hata hili kawahiwa! Hata wema wa kumhamisha mama, ambao ulikuwa nusu hila na nusu mapenzi, mwenzake alikuwa ameufanya kabla yake, tena bila hila.

"Mama, mimi nilitaka uje kwa ajili yangu," alisema, na machozi yalimlengalenga.

"Umeijia kodi, mwanangu. Najua. Nami nakuja hivyohivyo, maana mtu akingoja kuombwa vizuri na watoto wake atazeekea mlangoni." Akamsukumia sinia. "Nisaidie kuchambua, macho yako bado mazuri."

Mama akahama. Fomu ikajazwa siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Mapazia aliyasifu, mfuko wa redio aliusifu mara mbili, na Fundi alizihesabu. Naye mdogo mtu aliendelea kuja kila jioni akitoka kazini kumkanda magoti, kama zamani. Tofauti ilikuwa kwamba sasa aliingia lango la pili.

Bili zilizorekebishwa zililetwa siku moja, zote mbili zikaachwa kwa mama. Fundi alifungua yake akiwa amesimama. Ilikuwa imeshuka mpaka alipolipa mwaka jana na chini zaidi. Nyumba haiuzwi. Alipumua kwa nguvu. Kisha, bila kuketi, akamnyoshea mdogo wake ile ya pili na kumngoja.

Mdogo mtu alifuta dawa mikononi, akaisoma. "Lo! Hii imeruka."

"Imepanda eeh?" Fundi aliuliza. Alikuwa ameingojea siku hii.

"Imepanda kwelikweli. Bahati vile vyumba viwili vya mbele nimepata mpangaji, vitailipa." Akaikunja, akaitia mfukoni. "Na yako?"

"Imeshuka."

"Wee! Lete nione." Akaipokonya, akaisoma, akapiga makofi mbele ya uso wa mama. "Mama umeona? Dada hauzi tena!" Na akamkumbatia Fundi, mikono yote ikinuka dawa ya misuli.

Fundi alimshika mabega, akamsogeza nyuma kidogo, akamtazama usoni kwa makini, kama anayetafuta sindano iliyoanguka sakafuni. Alitafuta kijicho. Kidogo tu, cha kumwonyesha kwamba wao ni ndugu kweli. Hakikuwepo. Mdogo wake alikuwa amefurahi, basi, na Fundi alimwonea wivu hata kwa hilo, kwamba anaweza.

Akaketi chini. Goti moja la mama lilikuwa limeshakandwa, la pili bado. Akamimina dawa kiganjani, akaanza.

"Polepole, we," mama alisema, akikunja uso. "Mwenzio hakandi hivyo."

Mdogo mtu aliangalia pembeni. Alijua neno hilo limefika wapi. Fundi aliuma mdomo, akaiondoa mikono juu ya goti.

"Basi nionyeshe," alimwambia mdogo wake, na wivu ulikuwa bado haujamtoka aliposema hivyo.